Kutenganisha Jerandi, Infinitivu na Patisipo katika Sentensi ya Kiingereza

Katika madaftari ya wanafunzi wangu, kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko mengine ni la namna ya "I enjoy to read". Chanzo chake ni lugha yetu wenyewe: neno "kusoma" hufanya peke yake kazi ambazo Kiingereza kimezigawia maumbo mawili, "reading" (jerandi) na "to read" (infinitivu). Haya, pamoja na patisipo (umbo kama "cooking" au "written" linapofafanua nomino), ni maumbo ya kitenzi yasiyobeba njeo, yaani wakati wa tendo.

Hatua ya kwanza ni kukipata kitenzi kikuu. Igeuze sentensi iwe ya jana, uone neno lipi linabadilika: "My sister wants to open a shop" huwa "My sister wanted to open a shop". Kilichobadilika ndicho kitenzi kikuu. "To open", ambalo halikuguswa, ni infinitivu. Angalia tu kwamba katika "She is cooking", neno "cooking" ni sehemu ya kitenzi kikuu, kwa kuwa limeshikana na "is".

Hatua ya pili, uliza umbo lililobaki linafanya kazi gani. Kirai (kundi la maneno) chenye -ing kikiweza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na "it", hiyo ni jerandi: "Cooking pilau takes time" huwa "It takes time". Kikifafanua nomino, kama katika "the woman cooking pilau", ni patisipo. Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu ya kwanza tungesema "kupika" na ya pili "anayepika". Vivyo hivyo "the letter written yesterday" ni "barua iliyoandikwa jana".

Hatua ya tatu, pigia mstari kirai kizima, yaani umbo hilo pamoja na yambwa (kinachotendwa) na vielezi vyake.

Hatua ya nne ndiyo inayohitaji subira. Tazama kitenzi kinachotangulia: "enjoy", "avoid" na "finish" hufuatwa na jerandi, ilhali "want", "hope" na "decide" hufuatwa na infinitivu, na sijapata kanuni moja inayotosha kuchukua nafasi ya kuvikariri. Vingine hupokea yote mawili kwa maana tofauti: "He stopped smoking" ni kwamba aliacha kuvuta sigara, lakini "He stopped to smoke" ni kwamba alisimama ili avute. Jihadhari pia na "look forward to". Kwa kuwa tunasema "I look forward to the wedding", "to" hiyo ni kihusishi, na baada yake huja jerandi: "I look forward to meeting you".

Hatua ya tano, hakikisha patisipo ina mwenyewe. Tunaposema "Nikitembea kwenda shuleni, mvua ilianza", kiambishi "ni-" kinamtaja mtembeaji. Patisipo ya Kiingereza haibebi nafsi, hivyo msomaji humchukua mtenda wa kitenzi kikuu, na "Walking to school, the rain started" ikawa mvua ndiyo iliyokuwa ikitembea. Andika "Walking to school, I was caught in the rain", au umrudishe mtenda waziwazi: "While I was walking to school, the rain started".