Kabla hujaenda Copperbelt, kule kwenye migodi ya shaba ya Zambia, kutafuta historia ya chama cha wachimbaji, soma hapa kwanza

Babu yangu alichimba Mufulira, mji mmoja wa migodi huko, kama wazee wengi wa Unyakyusa wa wakati ule, kwa hiyo najua kile kiherehere cha kutaka kufunga begi tu upande TAZARA mpaka Kapiri Mposhi, halafu basi mpaka Kitwe, eti unaenda kuulizia chama. Tulia kwanza. Kuna mambo ukiyaruka utarudi na begi la karatasi na aibu, mimi nilirudi na vyote viwili.

Pasipoti, kadi ya chanjo, chaja, betri ya akiba, memori kadi mbili. Hayo wala sisemi.

Majina ya zamani yajue kabla hujaomba faili hata moja. Kabwe kwenye makaratasi ni Broken Hill, Chililabombwe ni Bancroft, mgodi wa Luanshya ni Roan Antelope, na Nkana iko hapo hapo Kitwe ila kampuni yake ilijiita Rhokana. Kampuni nazo zimebadilika badilika: serikali ilichukua asilimia 51 mwaka 1970, zikaja kampuni mbili, NCCM na RCM, 1982 zikaunganishwa kuwa kampuni moja, ZCCM, halafu kuanzia 1997 mpaka 2000 ikauzwa vipande vipande. Chama hivyo hivyo. African Mineworkers' Union, chama cha Waafrika kilichoongozwa na Lawrence Katilungu, ni ya 1949, usiichanganye na ile ya wazungu iliyoanza 1936, na hii Mineworkers' Union of Zambia ni ya 1967. Ukichanganya utasoma madai ya wazungu ukidhani ni ya babu yako. Na tafadhali usifike pale ukasema Chiluba, yule aliyekuja kuwa rais wa Zambia, alikuwa kiongozi wa wachimbaji, yule alitokea chama cha wajenzi akaja kuongoza shirikisho la vyama vyote, wazee watakucheka.

Tarehe zibebe kichwani, sio kwenye simu. 1935 mgomo ulianzia Mufulira baada ya kodi kupandishwa mpaka shilingi 15, ukaenda Nkana, ukafika Luanshya ambako polisi waliua watu 6. 1940 ni Nkana, wakafa 17. 1953 wachimbaji walipiga kura kuwakataa wale wawakilishi wa kikabila waliowekwa kuwasemea, 1955 wakagoma siku 58, 1956 ikatangazwa hali ya hatari na viongozi wakakamatwa. Nakwambia uzikariri kwa sababu mzee hakwambii "mwaka 1955", anakwambia "ule mgomo mrefu" au "mwaka aliozaliwa Mutale", sasa kama huna tarehe kichwani utaandika hewa.

Nyaraka: Lusaka kuna hifadhi ya taifa, Ndola kuna nyaraka za ZCCM, Kitwe kuna makao makuu ya chama, Katilungu House. Andika barua mapema, usianze safari kabla hujajibiwa. Na kumbuka faili la kampuni limeandikwa na watu waliokuwa wanawaogopa hao wachimbaji, kwa hiyo kila mgomo humo una "mchochezi" na hauna njaa.

Sasa hili ndo lililoniunguza.

Nilifika kompaundi moja ya zamani ya mgodi, yaani mtaa wa nyumba za wachimbaji, sitaitaja, nimechomekea shati, kitambulisho cha chuo kinaning'inia shingoni. Mkononi nina daftari nimelipiga mistari vizuri kabisa: jina, namba ya mgodini, mwaka wa kuanza, mwaka wa kuacha. Nilijiona mjanja. Siku ya kwanza nikaongea na wazee wanne, kila mmoja swali la kwanza namuuliza namba yako ya mgodini ilikuwa ngapi, anaitaja palepale bila kufikiri, namba watu wale hawaisahau. Nikalala nimefurahi.

Kesho yake saa mbili asubuhi nakuta uwanja umejaa. Wazee wamevaa makoti, kina mama wana mifuko ya plastiki, na ndani ya mifuko ni hati za mshahara, barua za kupunguzwa kazini, vitambulisho vya waume zao waliokwisha kufa. Habari ilishazunguka usiku kwamba amekuja mtu anaandika majina ya mafao. Ukijua migodi ilivyouzwa na watu wangapi mpaka leo wanaamini hawajalipwa haki yao yote, hutashangaa, mimi sikuwa nimelifikiria hata dakika moja. Najaribu kueleza kwa Kiingereza, kwa Kibemba changu cha kuombea maji, kijana aliyekuwa ananitafsiria naye kumbe ameamini hivyo hivyo. Mama mmoja akapiga goti, akanipa kadi ya mumewe kwa mikono miwili, akasema andika. Nikaandika. Hapo ndo niliharibu, maana sikuwa na ujasiri wa kumkatalia, na kila jina nililoandika waliokuwa nyuma waliona ni kweli. Mpaka mchana akaja mzee wa kanisa, akaongea dakika mbili tu. Hakuna aliyenifokea. Walirudisha karatasi kwenye mifuko wakaondoka, na baada ya hapo hakuna mtu kompaundi nzima aliyetaka kuongea na mimi. Simu za kuniuliza "tumefikia wapi" niliendelea kupokea miaka miwili.

Kwa hiyo: kabla hujafungua mdomo, tafuta katibu wa tawi la chama au mzee wa kanisa, aseme yeye, mbele ya watu, kwa Kibemba, vitu ambavyo HUJALETA. Hujaleta pesa, hujaleta kesi, hujaleta orodha. Kitambulisho tia mfukoni. Mkalimani mwambie akueleze yeye wewe umekuja kufanya nini, akikosea usitoke nae. Daftari liwe tupu bila mistari, na namba ya mgodini usiiulize kabisa, akitaka atakupa. Usianze na mgomo pia. Anza na nyumba, muulize hii nyumba mliinunua lini, maana zamani nyumba ilikuwa ya kampuni, kazi ikiisha na nyumba imeisha, hapo mengine yote yatakuja yenyewe.

Halafu waulize kina mama. Siku 58 bila mshahara, nshima, yaani ugali wao, ilitoka wapi? Faili haliwezi kukujibu hilo.

Mengine ni ya kawaida. Salimia kwa heshima, muli shani mukwai, usimtaje mtu mzima jina tupu bila "ba" mbele. Mtu akikutajia mshahara uliza ni pauni, kwacha ya zamani au kwacha ya baada ya 2013 waliyoikata sifuri tatu. Geti la mgodi usilipige picha. Wakati wa uchaguzi usiende, kila swali la chama litasikika siasa. Picha ya ukutani omba kuipiga hapo hapo ilipo, usiibebe eti utairudisha. Na mzee akisema hili usiandike, weka kalamu chini, zima na simu, aone umeizima.