Kuandaa paa la mabati kabla ya msimu wa vimbunga

Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huanza Novemba na kwa kawaida huisha Aprili, ingawa kimbunga Hidaya kilifika Mafia mwanzoni mwa Mei 2024. Kwa hiyo mkazi wa Mtwara, Lindi au Kilwa apande juu ya paa lake mwezi Oktoba, fundi akiwa hajabanwa na kazi.

Upepo mkali haulikandamizi paa tu, bali hulinyonya kuelekea juu, hasa pembeni na kwenye kona. Anzia huko. Shika kichwa cha kila msumari kwa vidole: ukicheza, au mpira wake ukiwa umepasuka na kuacha duara la kutu, ung'oe na uweke mwingine mrefu zaidi, ukipigilia kwenye mgongo wa bati na si bondeni, ambako maji hupita. Karibu na ukingo wa paa, pigilia misumari kwa kuikaribianisha kuliko katikati.

Kisha ingia darini, sehemu ambayo wengi huisahau. Mabati yaliyoshikwa barabara kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ambazo hazikufungwa ukutani yataondoka pamoja na kenchi zenyewe, kwa hiyo kila kenchi ifungwe kwa mkanda wa chuma uliozamishwa kwenye lenta, yaani mkanda wa zege ulio juu ya kuta. Mawe na matairi juu ya bati, nionavyo mimi, ni hatari zaidi kuliko msaada.

Mwisho, kata matawi ya mwembe yanayoning'inia juu ya nyumba.