Kubana maneno kwenye Kingereza cha kupiga stori

Wadau wa Bagamoyo mnaotembeza wageni pale Kaole na Mji Mkongwe, hii ni ya kwenu. Kingereza cha stori watu hawasemi sana "I am going" au "we will wait", wanabana, "I'm going", "we'll wait", na ukiongea kirefu kila sentensi mgeni anaweza kuhisi unasisitiza kitu au umekasirika, kumbe we unajitahidi tu kuongea vizuri. Ila kuna sehemu kubana hakukubali kabisa, mwisho wa sentensi ya kukubali. Mgeni akiuliza "are you ready?" jibu "yes, I am", usiishie "yes, I'm", hiyo haipo. Kwenye kukataa, kubana ni ruksa, "no, I'm not", "no, we aren't", poa tu. Halafu ile 'd, "I'd go" ni would, "I'd gone" ni had, neno linalofuata ndo linakwambia. Na jamani "can't" itamkeni vizuri, mtu kauliza kama anaweza kuogelea muda huu we unamkataza halafu yeye anasikia "can", hapo ni hatari kabisa. Barua za kuomba kazi andikeni kirefu.