Umetundika daluga? Anza ukocha na vijana 18 na mipira 4

Ukimaliza miaka yako ya ligi ya mkoa, usikimbilie benchi la timu uliyoichezea. Waliokuwa wakikutania juzi kwenye basi hawatakubali leo uwaweke nje. Chukua vijana wa miaka 14 na 15, na ikiwezekana anza ungali unacheza.

Kuhusu vyeti: leseni za ukocha za CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, hupanda kutoka D, C, B, A hadi Pro. Ulizia kozi za TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kupitia chama cha soka cha mkoa, yaani ARFA ukiwa Arusha, KRFA ukiwa Moshi. Ukisubiri kozi, msaidie mwalimu mwenye leseni, hata kama kazi ni kupanga koni.

Sasa uwanjani. Tuseme una vijana 18, mipira 4, bibu 9 (vizibao vya kutofautisha timu) na dakika 90. Koni zikikosekana, chupa za maji zenye mchanga kidogo zinatosha. Fika nusu saa kabla upime maeneo kwa hatua ndefu, kila moja kama mita moja. Kwenye uwanja mgumu wa kiangazi punguza upepo kidogo, la sivyo mpira utadunda kama wa tenisi.

Dakika 20 za mwanzo ni kupasha misuli. Acha ile mizunguko mitano ya uwanja tuliyolelewa nayo. Tumia FIFA 11+, mpango wa FIFA wa kupasha misuli na kuzuia majeraha: dakika 8 za kukimbia taratibu, 10 za nguvu, kuruka na mizani ya mwili, 2 za kukimbia kwa kasi. Asubuhi za Juni na Julai Arusha huwa na baridi kali, kwa hiyo usiruke hatua hata moja. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo hulipa.

Zinafuata dakika 15 za wanne dhidi ya wawili, wanne wakipasiana na wawili wakiusaka mpira, makundi matatu, kila kundi kwenye mraba wa hatua 8. Pasi zikikatika kabla ya kufika tatu, ongeza hatua 2 kila upande. Zikivuka kumi bila jasho, punguza. Watu wengi hubadilisha zoezi zima wakati tatizo lilikuwa ukubwa wa eneo tu.

Kisha viwanja viwili vya hatua 25 kwa 20, wanne kwa wanne, na mmoja wa ziada kila kiwanja anayecheza na upande wenye mpira. Raundi nne za dakika 4, mapumziko ya dakika 2 katikati. Chagua kosa moja tu la kurekebisha siku hiyo, mfano kupokea mpira mwili ukiwa umefunguka kuelekea goli. Ukirekebisha mambo matano, hakuna litakalobaki.

Hapa ndipo mchezaji wa zamani hukwama: anaingia ndani kuonyesha. Wewe pasi ile unaipiga bila kufikiri, ndiyo maana huwezi kuieleza. Kaa nje ya mstari, simamisha mchezo, muulize kijana, "Kabla mpira haujakufikia uliangalia wapi?" Akijibu "kwenye mpira", umeshapata somo la siku.

Malizia na tisa kwa tisa, dakika 25. Dakika 10 za kwanza usipige filimbi kurekebisha chochote. Hesabu tu ni mara ngapi kosa lile limerudi, uandike kwenye daftari. Dakika 8 zinazobaki kwenye zile 90 ni za maji na kunyoosha viungo.