Kuhariri filamu ya kutisha kwa ajili ya runinga: hatua ninazozifuata

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Kondele aliniletea diski yenye filamu yake ya kwanza. Ni hadithi ya wakimbiaji wa usiku, wale ambao kila aliyelelewa huku Nyanza na Magharibi alitishiwa nao utotoni: mawe juu ya bati saa nane za usiku, mlango unaokwaruzwa, nyayo zinazozunguka nyumba. Stesheni moja ilikuwa imeikubali kwa sharti kwamba ipunguzwe makali. Kijana alikuwa amejaribu mwenyewe. Alitoa damu yote, akaweka ukungu kila mahali palipoonekana panga, na filamu iliyobaki haikumtisha hata mdogo wake wa gredi ya tano. Tulikaa siku nne studioni kwangu hapa Kisumu tukaianza upya. Hatua tulizopitia ndizo hizi.

Hatua ya 1: Jua saa ya kurushwa

Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huhesabu saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku kuwa muda wa familia. Kwa hiyo filamu ya saa tatu usiku na filamu ya saa nne u nusu ni kazi mbili tofauti, hata kama zimetoka kwenye diski moja. Juu ya hapo kuna madaraja ya Bodi ya Kuainisha Filamu: GE kwa watu wote, PG kwa mtoto aliye na mzazi, 16, na 18. Uliza stesheni inataka daraja gani na itairusha saa ngapi. Maagizo yao yaje kwa maandishi. Maneno ya simu usiyafanyie kazi, maana atakayeikagua nakala si yule aliyekupigia.

Hatua ya 2: Badilisha mwendo wa fremu kabla ya kuandika mkato wowote

Kijana alirekodi fremu 24 kwa sekunde, yaani picha tuli 24 zinazopita kila sekunde, kama sinema. Runinga yetu, kama ya Ulaya, huenda kwa 25. Njia ya kawaida ni kuiharakisha filamu nzima kwa takriban asilimia 4, na dakika 90 zinakuwa dakika 86 na sekunde 24. Jicho halioni kitu. Sauti lakini hupanda kidogo, na mzimu mwenye sauti nzito hupungukiwa na uzito wake, kwa hiyo irudishe chini kwa programu.

Kwa nini mapema hivi? Kwa sababu stesheni ilitazama nakala ya 25, na orodha yao ya mikato ilifuata saa ya nakala hiyo. Tukio lililo kwenye saa moja kamili katika nakala ya 24 liko kwenye dakika ya 57 na sekunde 36 katika nakala ya 25. Kijana alikuwa akikata kwa kufuata orodha yao kwenye nakala yake ya zamani, na kadiri filamu ilivyosonga ndivyo alivyozidi kukata mahali pasipohusika.

Mimi natumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve, ile ya bure. Weka mradi kuwa 25 kabla hujaingiza klipu hata moja, kwa sababu baadaye hautabadilika. Ukurasa wake wa sauti una kipimo cha LUFS, yaani cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, na hicho peke yake kilinitosha kuachana na programu za kulipia kila mwezi.

Hatua ya 3: Kata picha

Ukungu nimeukataa kabisa katika filamu za kutisha. Kwenye taarifa ya habari ukungu unamlinda mtu halisi. Kwenye hadithi unamkumbusha mtazamaji kwamba kuna mhariri, naye anaacha kuogopa, anaanza kukisia kilichofichwa. Badala yake nenda kwenye uso wa anayeona. Karibu kila mwongozaji amepiga sura ya mtu anayeshtuka, na mara nyingi ina sekunde kadhaa ambazo hazikutumika. Ziombe. Kama hazipo, vuta picha karibu. Ikiwa filamu ilirekodiwa kwa 4K, yenye upana na urefu mara mbili ya HD, na unatoa HD, unaweza kuikuza mara mbili bila kupoteza ubora, na jeraha likabaki nje ya fremu huku mkono unaotetemeka ukionekana. Damu ya ukutani mara nyingi haihitaji kuondolewa. Punguza wekundu wake na uitie giza, itasomeka kama unyevu.

Mwanzo wa pigo uache. Unachokitoa ni kufika kwake.

Hatua ya 4: Shona sauti

Hapa ndipo nilipopoteza usiku kucha miaka kadhaa iliyopita, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Ukitoa sekunde 14 za picha, umetoa pia sekunde 14 za muziki uliokuwa chini yake. Macho husamehe mkato, masikio hayasamehi. Ngoma inaruka pigo moja na mtu aliyeketi sebuleni anageuka kuangalia kama king'amuzi kimeharibika.

Swali la kwanza kumwuliza mwongozaji ni hili: je, una sauti zilizotengwa, maneno kwake, muziki kwake, milio kwake? Kama anazo, muziki unaendelea bila kukatwa na unauunganisha mbele mahali ambapo pigo linalingana. Neno chafu pia linatoka bila kuchukua muziki nalo, na mwigizaji anaweza kuja kurekodi neno jingine juu yake. Wakubwa nao wamelazimika kufanya hivyo. Filamu ya kutisha *The Exorcist* ilipotayarishwa kwa runinga ya CBS ya Marekani mwaka 1980, William Friedkin, mwongozaji wake, aliyarekodi upya kwa sauti yake mwenyewe maneno ya pepo yaliyokuwa hayawezi kurushwa.

Kijana wa Kondele hakuwa nazo. Alikuwa na stirio moja iliyokwisha changanywa, maneno, muziki na milio pamoja, na ndivyo wengi wanavyokuja. Basi fanya hivi. Tafuta kishindo kilicho karibu na mkato: mlango unaobamizwa, radi, jiwe kwenye bati. Sogeza mkato wa sauti mpaka uangukie juu ya kishindo hicho, hata kama mkato wa picha uko fremu kumi mbele au nyuma. Kelele kubwa huficha mshono. Kama hakuna kishindo, acha mkia wa sauti ya zamani uendelee juu ya picha mpya: yowe linaanza kwa mwanamke jikoni na kufifia tukiwa tayari tunaangalia dirisha. Kwa sauti za mazingira, kama vyura au mvua, fifisha moja ndani ya nyingine kwa fremu tatu au nne. Kwa muziki wenye ngoma usifanye hivyo. Hesabu mapigo, ukate kwenye pigo.

Lakini kumbuka kwamba sauti nayo hukaguliwa. Hilo ndilo lililonigharimu usiku ule. Nilikuwa nimeondoa kila picha ya panga, nikajivunia kazi yangu, nikaacha milio kama ilivyokuwa kwa sababu sikutaka kuugusa muziki. Nakala ikarudishwa. Aliyeikagua aliniambia alikuwa ameipa skrini mgongo akimimina chai, na alichokisikia kilikuwa kibaya kuliko chochote ambacho angeonyeshwa. Alikuwa na haki. Mfupa unaovunjika bila picha, kila msikilizaji huuchorea picha yake mwenyewe, na mtoto aliyelala chumba cha pili husikia vilevile. Siku hizi nikiondoa pigo naondoa na mlio wake, au nauhamishia kwenye kitu kingine ndani ya picha: kikombe kinachoanguka, kuku wanaoruka kutoka kwenye tundu.

Sasa ukubwa wa sauti. Kiwango ninachotumia ni kile cha Ulaya, EBU R128, yaani -23 LUFS kwa wastani wa kipindi kizima, na kilele kisichozidi desibeli -1, isipokuwa stesheni iseme vingine. Jaribu kubwa ni kubonyeza kitufe kimoja kinachosawazisha kila kitu. Usikibonyeze. Kitufe hicho hupandisha minong'ono, hushusha mayowe, na vikikutana katikati hakuna anayeruka kwenye kiti. Kinachomrusha mtu ni tofauti kati ya kimya na kishindo. Pita kwa mkono: minong'ono ipandishe desibeli tatu, yowe lishushe nne, na sekunde chache zilizotangulia yowe usiziguse. Inachosha. Filamu ya dakika 86 ilituchukua siku nzima kwa hilo tu.

Tena usidhani kwamba dakika tatu za kimya zitakupa nafasi ya mayowe makubwa zaidi kwenye wastani. Kipimo cha R128 hutupa nje ya hesabu sehemu zilizo chini sana, kwa hiyo kimya hakikusaidii chochote pale.

Na kimya chenyewe kina hatari yake. Katika filamu ya kijana kulikuwa na sekunde 11 ambapo sauti ilikuwa sifuri kabisa, kabla ya mkimbiaji kutokea nyuma ya pazia. Kwenye sinema ni sawa. Kwenye runinga kuna mitambo ya kurushia inayopandisha yenyewe sauti iliyo chini, na kuna mingine inayopiga kengele ikidhani matangazo yamekatika. Mtambo unapandisha, unapandisha, kisha yowe linapofika linatoka kwa ukubwa ambao hukuupanga. Kwa hiyo usiache sifuri. Weka kitu chini kabisa: nyenje, upepo kwenye makuti, friji inayonguruma. Sisi tulienda Dunga jioni moja tukarekodi ufuo wa ziwa baada ya mashua kutulia, dakika tano za maji yanayogusa mbao. Tuliiweka chini ya sekunde zile 11, na kijana alisema tukio limekuwa baya zaidi, kwa maana aliyoitaka.

Hatua ya 5: Giza na radi

Giza la filamu za kutisha huumia sana likirushwa. Picha hubanwa ili chaneli nyingi zitoshe kwenye masafa mamoja, na ubanaji huo huanza kwa kutupa yale mageuzi madogo yaliyo gizani, ndipo unapoona vijumba vya mraba vikicheza ukutani. Inua kidogo sehemu nyeusi zenye kitu cha kuonekana, na zile zisizo na kitu ziache nyeusi kweli. Usiongeze chembechembe za filamu ya zamani, kwani kila chembe inagombania nafasi hiyo hiyo finyu.

Radi na tochi zinazowakawaka ni suala la afya. Desemba 1997 nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya katuni moja kurusha mwanga mwekundu na buluu uliopepesa haraka. Mwongozo unaofuatwa tangu hapo na watangazaji wengi ni kutozidi mimweko mitatu kwa sekunde pale mwanga unapofunika zaidi ya robo ya skrini, na kuwa mwangalifu zaidi na nyekundu. Programu ya bure ya FFmpeg ina kichujio kinachopunguza mimweko chenyewe, ila mimi huondoa kwa mkono mweko mmoja baina ya miwili, kisha naurefusha uliobaki. Radi inabaki radi.

Hatua ya 6: Muda na mapumziko ya matangazo

Watu hudhani nakala ya runinga lazima iwe fupi. Shida huja ikiwa fupi kupita nafasi iliyouzwa. Runinga ya NBC ya Marekani iliponunua filamu ya *Halloween*, mikato iliyotakiwa iliiacha filamu ikiwa fupi mno, na mwongozaji wake, John Carpenter, akapiga matukio mapya ya dakika 12 hivi wakati filamu ya pili ikitengenezwa, nakala hiyo ikarushwa mwaka 1981. Sisi hatuwezi kuita waigizaji tena, kwa hiyo mwulize mwongozaji matukio aliyoyatupa. Kijana wangu alikuwa na bibi akisimulia asili ya mkimbiaji huku akipepeta mtama, dakika mbili nzuri sana ambazo hazikuwa na sababu ya kutupwa.

Pa kupumzikia: baada ya mshtuko, mtu akishavuta pumzi. Mapumziko yakiwekwa katikati ya kimya, dakika nne za sabuni na unga wa ugali zitapoza kila kitu ulichokijenga, na ukirudi utalazimika kuanza upya ukiwa huna muda wa kuanza upya.

Hatua ya 7: Itazame sebuleni

Zima spika za studio. Ipeleke nyumbani, uitazame kwenye runinga ya kawaida, taa zikiwa zimewashwa, na mwongozaji akiwa karibu nawe. Mkato wowote atakaouona bila kuambiwa, rudi ukaushone tena.

Tulipofanya hivyo kijana alinyamaza hadi mwisho, kisha akaomba kitu kimoja kirudishwe. Ni komeo la mlango likisogea polepole, sekunde nne, bila mtu. Nilikuwa nimelitoa ili sehemu ya tatu itoshee kwenye nafasi yake. Halikuwa na damu wala panga, na ndilo lililokuwa likiogofya kuliko yote. Nikalirudisha, nikachukua sekunde nne kutoka kwenye barabara tupu ya mwanzo, nikapima tena: -23.1. Tukatuma asubuhi.