SOMO: Jinsi ya kutupa vioo vilivyovunjika bila kumchana mtu

Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita kioo cha dresing tebo kilinidondoka nikihamisha kitanda, nikafagia chapchap nikatia kwenye kiroba pamoja na maganda ya ndizi nikaona nimemaliza. Asubuhi kijana wa mkokoteni kaja, katupia kiroba begani kama kawaida yake, kipande kikatoboa kikamchana nyuma ya bega, alafu yeye ndo ananiomba msamaha mimi eti "samahani bosi nimekuchafulia geti". Aisee niliona aibu. Kwaiyo leo tuelekezane.

1. Watoto watoke, paka atoke, we vaa viatu vya kufunika. Ndala hapana, kipande chembamba kinapenya unakuja kushtuka soli imeloa damu. Kama huna glavu chukua tambara nene, hata mguu wa jinzi kuukuu.

2. Okota vikubwa kwanza kimoja kimoja. Ufagio ule laini wa ndani usiuguse kabisa maana vipande vinanasa kwenye nyuzi na kesho unavisambaza nyumba nzima. Chukua kadibodi mbili ngumu, moja ya kusukumia moja ya kupokelea.

3. Ule unga wa kioo sasa, lowesha gazeti au kanda kidonge cha ngano, bonyeza bonyeza sakafuni, vinaganda. Alafu zima taa, washa tochi ya simu uilaze chini kabisa sakafuni, utaona vinavyometa. Mi nilikikuta kimoja chini ya friji, upande wa pili wa chumba.

4. Kufunga, na hapa ndo wengi tunakosea. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku hapa Tanzania tangu Juni 2019 na hii mbadala kioo kinaichana vilevile, kiroba nacho mmeshaona. Kizuri kuliko vyote ni kopo la rangi lenye mfuniko, muulize fundi rangi yeyote anakupa bure. Ukikosa, boksi gumu, kila kipande kikubwa kivalishe gazeti nene, piga selotepu pana pande zote, andika kwa maka peni KIOO. Usijaze sana, boksi likiwa zito linaachia chini.

5. Liweke pembeni ya taka nyingine na umkabidhi mzoa taka mkononi, umwambie kwa mdomo. Na sio yeye tu, dampo la Pugu Kinyamwezi hapa Dar kuna watu wanachambua kwa mikono. Kutupa mtaroni ndo usithubutu, masika maji yanasomba yote mpaka mto Msimbazi na mnajua watu wanavyovuka yale maji peku.

Kioo kizima cha zamani usikivunje ili kiingie kwenye kiroba! Piga selotepu kona kwa kona, tena na tena, kizungushie shuka kuukuu, kibebe kikiwa wima. Ila kabla ya kutupa muone fundi vioo wa mtaani kwenu. Yale madoa meusi ya pembeni ni unyevu umekula ile rangi ya fedha ya nyuma, na kwa joto letu hili na upepo wa bahari ni kawaida, fundi anakata kingo na unapata kioo kidogo kizima cha bafuni.

MASWALI

Dada wa Tabata: Chupa ya chai imepasukia ndani, nayo hivohivo?
Jibu: Hiyo dada angu ni mbaya zaidi, kile kioo ni chembamba kama ganda la yai. Usiifungue wala usimwage kwenye sinki, na chai usijaribu kuichuja eti unaokoa maziwa. Ifunge na mfuniko wake, piga selotepu, itupe nzima nzima.

Swali: Si nitumbukize tu chooni yaishe?
Jibu: Shimo likijaa utaita watu wa kunyonya, mpira wao utachanika na wanaoingia kuzibua wataumia. Kufukia uani nako mvua inafukua, mchanga wetu huu hauchelewi.

Swali: Muokota chupa anachukua?
Jibu: Za bia na soda ndio, Chang'ombe kuna kiwanda cha chupa na chupa inayeyushwa ikawa chupa tena. Ila usimchanganyie kioo cha kujitazamia, kile kina rangi nyuma, wala bakuli la oveni, lile linataka moto mkali zaidi.

Mama wa Mbagala: Tyubulaiti imevunjika chumbani kwa mtoto.
Jibu: Mama, ina zebaki ndani. Toa mtoto, fungua madirisha kama dakika 15, zima feni, usifagie. Okota kwa kadibodi, malizia na selotepu, tia kwenye kopo ufunike.

Swali: Kipande kimezama mguuni?
Jibu: Kikiwa juu juu toa kwa kibanio kisafi, osha na maji yanayotiririka na sabuni. Kikiwa kimezama usichokonoe, nenda zahanati na uulizie sindano ya pepopunda.

Swali: Na yule kijana wa mkokoteni?
Jibu: Alishonwa nyuzi nne, nililipa mimi. Ameshapona, ila kiroba changu habebi tena begani, anakigonga kwanza na fimbo anasikilizia.