Umehamia Minnesota? Anza na bendera yake

Anayehamia Minnesota hupokelewa na ndugu wenye ushauri mwingi: nunua koti zito mapema, unga wa ugali unapatikana duka fulani, leseni ya udereva inaombwa hivi na hivi. Jimbo lenyewe hakuna anayemsimulia. Halafu mtoto wa darasa la sita anarudi nyumbani na kazi ya historia ya Minnesota, na mzazi hana pa kuanzia.

Anzeni na bendera, maana hata kazini mtaulizwa. Inayopepea leo ilianza kutumika rasmi tarehe 11 Mei 2024, siku ambayo Minnesota hukumbuka kuingia kwenye muungano wa Marekani mwaka 1858 ikiwa jimbo la 32. Upande wa mlingoti kuna umbo la buluu iliyokoza linalofuata ramani ya jimbo, na ndani yake nyota nyeupe ya pembe nane. Sehemu iliyobaki yote ni buluu ya maji.

Wapo wasioipenda, na baadhi yao wameeneza maneno kwamba imeigwa kutoka Somalia ili kuwafurahisha wahamiaji. Ukiambiwa hivyo usigombane. Mweleze mtu ukweli. Kaulimbiu ya jimbo tangu karne ya 19 ni ya Kifaransa, L'Étoile du Nord, yaani nyota ya kaskazini. Nyota ya pembe nane imo sakafuni, katikati kabisa ya jengo la bunge la jimbo mjini Saint Paul, jengo lililokamilika mwaka 1905. Na mchoro wa msingi wa bendera ulitumwa na mkazi wa Luverne, mji mdogo wa kusini-magharibi, ukachaguliwa kati ya michoro zaidi ya 2,000 kisha tume ya jimbo ya bendera ikaurekebisha.

Swali zito zaidi ni kwa nini bendera ya zamani iliondolewa. Katikati yake kulikuwa na muhuri wa jimbo: mkulima mzungu analima, bunduki yake imeegemezwa kwenye kisiki, na mwenyeji wa asili yuko juu ya farasi anaondoka. Hayo ndiyo yaliyotendeka. Mwaka 1851 Wadakota, wenyeji wa asili wa eneo hili, walibanwa wakatia saini mikataba iliyowaachia ukanda mwembamba wa ardhi kando ya Mto Minnesota. Kufikia kiangazi cha 1862 fedha walizoahidiwa zilikuwa zimechelewa na watu wana njaa. Vita vikazuka, vikadumu kama wiki sita. Tarehe 26 Desemba 1862, mjini Mankato, wanaume 38 wa Kidakota walinyongwa kwa pamoja, na Marekani haijawahi kunyonga watu wengi kiasi hicho kwa siku moja kwa amri ya serikali. Wanawake, watoto na wazee wapatao 1,600 walifungiwa kambini chini ya ngome ya Fort Snelling majira yote ya baridi, kisha wakafukuzwa jimboni. Sisi tuliosoma habari za ardhi zilizotwaliwa kwetu hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Nendeni na watoto Fort Snelling, ni karibu na uwanja wa ndege. Hapo ndipo pia alipoishi Dred Scott katika miaka ya 1830, mtumwa ambaye kesi yake ya kudai uhuru iliitikisa nchi nzima mwaka 1857.

Wenyeji hao hawakutoweka. Leo kuna mataifa 11 ya asili ndani ya Minnesota, manne ya Wadakota na saba ya Waojibwe, yenye serikali zao. Muhuri mpya umeandikwa Mni Sóta Makoce, jina la nchi hii kwa Kidakota, na umechorwa ndege wa majini aitwaye loon pamoja na mchele wa mwitu.

Huo mchele ndio nafaka rasmi ya jimbo tangu 1977, na kwa Waojibwe, wanaouita manoomin, ni zaidi ya chakula: masimulizi yao yanasema wazee waliambiwa wahamie magharibi hadi watakapokuta chakula kinachoota juu ya maji. Huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba kwa mtumbwi, mmoja akisukuma kwa upondo, mwenzake akiyapiga masuke kwa vijiti viwili. Dukani soma pakiti vizuri. Ule mweusi unaong'aa mara nyingi umelimwa mashambani, nao huchukua karibu saa nzima jikoni. Uliovunwa ziwani kwa mkono una rangi ya kahawia, huiva haraka, bei yake iko juu, na unastahili. Mimi huupika kwa tui la nazi na sina malalamiko.

Alama nyingine zina sheria nyuma yake, kwa hiyo chungeni. Ua la jimbo, lady's slipper la waridi na nyeupe, linalindwa tangu 1925. Msilichume wala kuling'oa. Samaki wa jimbo ni walleye, na mkazi wa miaka 16 au zaidi lazima awe na leseni ya kuvua. Idadi ya samaki pia ina kikomo, na askari wa wanyamapori hukagua. Maziwa yaliyoandikwa kwenye namba za magari kuwa 10,000 kwa kweli ni 11,842, ukihesabu yale yenye ukubwa wa ekari 10 na kuendelea.

Anayejiandaa kwa usaili wa uraia akariri jina la gavana, ya maseneta wake wawili, na mji mkuu wa jimbo. Ni Saint Paul. Wengi hujibu Minneapolis.